Alama za SAT ni Hiari, Lakini kwa Nani?

Kila Agosti, maombi ya vyuo vikuu vya Marekani yanapofunguliwa, wazazi wa Kitanzania na Kikenya walioko Minnesota, Texas na Maryland huanza kuulizana swali lile lile, na ndugu zao wa Dar es Salaam na Nairobi hulidaka kwenye makundi ya WhatsApp. Mtoto ana GPA, yaani wastani wa alama za shuleni ambao kwa kawaida juu yake ni 4.0, ya 3.9. SAT, mtihani wa kuombea vyuo wenye alama 1600, amepata 1310. Chuo kimeandika kwamba alama za mtihani huo ni hiari, na programu yake ya honazi, ile inayochukua wanafunzi wachache wa juu, nayo imeandika hivyo hivyo. Atume au asitume?

Majibu yanayotolewa huko kwenye makundi ni mawili. Wapo wanaosema hiari ni danganya toto, kwamba asiyetuma alama keshajiondoa mwenyewe. Wapo wanaosema chuo kimeshatamka, basi tulieni, pesa ya tuisheni nunulieni mtoto kompyuta. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande unauchukulia mahali pasipohusika. Wa kwanza wanawaza Harvard na wa pili wanawaza chuo cha jimbo. Honazi haiko Harvard, na ingawa imo ndani ya chuo cha jimbo, haichagui watu kama chuo cha jimbo kinavyochagua.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Katika programu hizi alama nzuri ya mtihani wa hiari ina uzito, kwa sababu waombaji wote wamekwisha kugonga dari la GPA na msomaji wa faili anatafuta kitu kingine cha kuwatofautisha. Kwa mtoto aliyesoma Ilboru, Alliance au Kibaha uzito huo ni mkubwa zaidi kuliko kwa mtoto wa Ohio. Ila uzito huo unaishia siku ya kupokewa. Baada ya hapo mambo mengine ndiyo yanayoamua nani atamaliza.

Kwanza tuelewane honazi ni nini, maana wengi huidhani ni cheti cha pongezi kama ile "honours" ya shahada za Uingereza. Mwaka 1922 rais wa Chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, Frank Aydelotte, aliyewahi kusoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, alianzisha utaratibu wa kuwatoa wanafunzi wenye uwezo kwenye madarasa ya kawaida na kuwaweka katika semina ndogo, kisha kuwapimisha kwa watahini kutoka nje ya chuo. Wazo hilo likasambaa. Chuo Kikuu cha Texas kilianza Plan II mwaka 1935. Chuo Kikuu cha Oregon kilifungua chuo kizima cha honazi mwaka 1960. Arizona State ikafuata mwaka 1988 na kile kinachoitwa leo Barrett, Penn State ikapata Schreyer mwaka 1997, na jiji la New York likaanzisha Macaulay mwaka 2001 ndani ya CUNY, mtandao wa vyuo vikuu vya umma vya jiji hilo, ambako mkazi wa New York anayepokewa halipi ada na anapewa kompyuta ya mkononi.

Kwa Mtanzania mfano wa karibu ni shule za vipaji maalumu, isipokuwa hapa shule ya vipaji imejengwa ndani ya uzio wa shule ya kata. Mwanafunzi wa honazi yuko kwenye chuo chenye watu 40,000 au zaidi, lakini ana semina ya watu wasiozidi 20, anajiandikisha kozi kabla ya wenzake (na anayejua namna viti vya kozi za kemia vinavyogombaniwa ataelewa thamani ya jambo hilo), mara nyingi ana bweni lake, ana mshauri anayemjua kwa jina, na mwaka wa mwisho anaandika tasnifu. Wengine hupata fedha juu yake. Vyuo vya majimbo havikuanzisha haya kwa huruma. Vilitaka kuwashawishi vijana ambao vinginevyo wangekwenda vyuo binafsi vyenye majina makubwa, na kwa miongo mingi chambo na kipimo vilikuwa kitu kimoja: alama za SAT na za mtihani mwenzake, ACT. Kila kijana mwenye alama za juu aliyekubali kuja aliinua wastani wa chuo kizima kwenye majedwali ya magazeti yanayopanga vyuo kwa ubora. Kwa hiyo programu hizi zilizaliwa na kukua zikiwa zimefungamana na mtihani, na ufungamano huo haukukatika siku mtihani ulipotangazwa kuwa hiari.

Uhiari wenyewe ni wa zamani kuliko watu wanavyodhani. Chuo cha Bowdoin, Maine, kiliacha kulazimisha alama tangu mwaka 1969. Bates kikafuata mwaka 1984, na Chuo Kikuu cha Chicago kikaingia mwaka 2018. Hata hivyo kilichoangusha ukuta ni korona. Vituo vya mtihani vilifungwa mwaka 2020, na vyuo vingi havikuwa na namna ila kusema anayezo azilete, asiyenazo asiwe na wasiwasi. Kisha wakaanza kurudi nyuma. MIT ililazimisha tena Machi 2022. Mwaka 2024 wakafuatana Dartmouth, Yale, Brown, Harvard, Caltech, Cornell na Stanford, kila kimoja na mwaka wake wa kuanza, na Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kikawamo. Florida haikuwahi kulegeza kwenye vyuo vyake vya umma. California nayo ilikwenda upande wa pili kabisa: mfumo wa Chuo Kikuu cha California hautazami alama hata ukizipeleka, si kwa udahili wala kwa kugawa ufadhili.

Kutokana na mchafuko huo, mwenye kutaka honazi anakutana na hali tatu, na mbili kati yake hazihitaji mjadala. Ukiomba Morehead kule Georgia, Plan II kule Austin au honazi ya Purdue, chuo chenyewe kinadai alama, hivyo utazipeleka tu. Ukiomba California, au Schreyer ya Penn State ambayo haizitazami alama hizo inapochagua, basi ongeza bidii kwenye insha na uache kujitesa. Inabaki hali ya tatu, ya Barrett, ya Maryland na ya programu nyingine nyingi ambazo zinasema kweli kabisa kwamba unaweza kutuma au kuacha. Hapo ndipo watu hupotea.

Hebu tufikirie kazi ya anayesoma faili hizo. Mbele yake wapo vijana ambao chuo kimekwisha kuwakubali au kinakaribia kuwakubali. Wenye GPA ya 3.2 hawapo, maana hawakujisumbua kuomba. Waliobaki wana 3.9, 4.0, wengine 4.4 kwa ile hesabu ya kuongeza uzito wa masomo magumu. Tofauti ya 3.92 na 3.97 inaweza kuwa ni mwalimu mmoja mkali wa historia. Na A yenyewe imepungua thamani. Novemba 2025 kikundi kazi cha Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilitoa ripoti iliyowashtua walimu wengi: ndani ya miaka 5 idadi ya wanafunzi wapya ambao hisabati yao haifikii kiwango cha sekondari iliongezeka karibu mara 30, ikafika takriban mmoja kati ya wanane, na baadhi yao walikuwa na A tupu kwenye hisabati za shuleni kwao. Sina maana kwamba mtihani wa SAT ungemaliza tatizo hilo, kwani sababu zake ni nyingi, janga la korona likiwamo. Lakini msomaji wa faili anayejua hayo hawezi kuiangalia A kwa macho yale ya mwaka 2010.

Ushahidi mkubwa unaotumiwa na wapenzi wa mtihani unatoka sehemu mbili. Texas ilipotangaza kurudisha mtihani Machi 2024, ilieleza kwamba miongoni mwa wanafunzi wapya 9,217 wa mwaka 2023, waliokuwa wametuma alama walipata katika muhula wa kwanza GPA iliyozidi ya wenzao kwa pointi 0.86, hata baada ya kuzingatia mambo mengine mengi. Hiyo ni karibu tofauti ya A na B. Alama ya katikati ya waombaji waliotuma ilikuwa 1420, na ya walioficha 1160. Dartmouth nayo ilitoa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko la Texas. Watafiti wake waligundua kwamba waombaji kutoka familia na shule zisizo na uwezo walikuwa wakificha alama za 1400 na kitu, wakiona ni ndogo, wakati ofisi ya udahili ingeziona ni kubwa kwa mtoto aliyetoka mahali pale na ingempokea kwa sababu yake. Maana yake uhiari uliowekwa kuwasaidia hao hao uliwaumiza, kwa kuwa ulihamisha uamuzi kutoka kwa mtu anayejua takwimu ukaupeleka kwa kijana wa miaka 17 asiye na wa kumuuliza.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Elaine Allensworth na Kallie Clark, waliwafuatilia wahitimu zaidi ya 55,000 wa shule za umma za jiji hilo. Walipouliza ni nini kinachotabiri nani atamaliza shahada, GPA ya sekondari ilikuwa na nguvu mara tano kuliko alama ya ACT. Ukisoma utafiti huo pekee utasema mtihani ni upuuzi. Ukisoma wa Dartmouth pekee utasema GPA ndiyo upuuzi.

Sioni kwamba zinapingana. Wahitimu wa Chicago walitawanyika kwenye vyuo vya kila namna na GPA zao zilitofautiana sana, kuanzia za chini hadi za juu kabisa, kwa hiyo GPA ilikuwa na nafasi ya kusema jambo. Tena kumaliza shahada ni kazi ya kuhudhuria, kukabidhi kazi kwa wakati na kutokata tamaa, na hayo ndiyo GPA inayoyapima. Dartmouth wanaoomba wote wana A, hivyo GPA imenyamaza na sauti inayosikika ni ya mtihani. Honazi inachanganya yote mawili. Katika kuchagua inafanana na Dartmouth, kwa sababu GPA zimejaa darini. Katika kumaliza inafanana na Chicago, kwa sababu tasnifu ya mwaka mzima huandikwa na mtu mwenye mazoea ya kazi, na hakuna mtihani wa saa 2 na dakika 14 unaopima mazoea. Ndiyo maana programu zenye busara hazijawahi kuchagua kwa alama peke yake hata pale zilipokuwa za lazima.

Wengine watasema mtihani unapima pochi ya mzazi. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Takwimu za mchumi Raj Chetty na wenzake wa kituo cha utafiti cha Opportunity Insights zinaonyesha kwamba watoto wa asilimia 1 ya familia tajiri kabisa wana uwezekano mara 13 kuliko watoto wa familia za kipato cha chini wa kufikisha 1300 au zaidi. Ila watu hao hao, katika kazi yao ya Julai 2023, walionyesha jambo jingine. Ukichukua watoto wenye alama sawa kabisa za mtihani, mtoto wa tajiri bado anaingia vyuo vya Ivy, vile vya kale vyenye majina makubwa kama Harvard, na vinavyofanana navyo zaidi ya mara mbili ya mtoto wa tabaka la kati. Ziada hiyo inatokana na upendeleo kwa watoto wa waliosoma pale, na wanamichezo wanaosajiliwa, na tathmini ya mambo yasiyo ya darasani. Pesa basi haikai kwenye mtihani tu. Insha inahaririwa na mshauri anayelipwa kwa saa. Kazi ya kujitolea hufanyika wakati wa likizo ambayo mtoto mwingine anauza dukani. Hata barua ya mapendekezo huandikwa vizuri zaidi na mwalimu mwenye wanafunzi 15 kuliko mwenye 60. Kati ya vitu vyote vilivyomo kwenye faili, mtihani ndio pekee ambao mtoto wa Tandika anaweza kuupata sawasawa na mtoto wa Connecticut, maswali yakiwa magumu kwa kiwango kile kile. Ataupata kwa taabu zaidi, hilo halina ubishi.

Tukifika kwa vijana wetu, mambo hubadilika kidogo. Mmarekani anayesoma faili za honazi amezoea namba kubwa kuwa nzuri. Mpelekee matokeo ya NECTA yanayosema Daraja la Kwanza pointi 3, ambayo kwa Kidato cha Sita ndiyo ya juu kabisa isiyopitika, na usiombe akayasome akiwa amechoka saa kumi jioni. Vyuo vikubwa vina mabingwa wa kutafsiri vyeti vya nje, tena wazuri, lakini kamati ya honazi mara nyingi ni walimu wa idara mbalimbali wanaojitolea kusoma maombi, na mwalimu wa jiolojia hana sababu ya kujua tofauti ya pointi 4 na pointi 9. KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, ina nafuu, maana A inaeleweka popote, ila msomaji hajui kwamba A ya Kenya hupatikana kwa shida kuliko A ya shule nyingi za Marekani, kwa hiyo anamlinganisha Mkenya mwenye B+ na Mmarekani mwenye B+, na Mkenya anaonekana wa kawaida.

Liko pia suala la kalenda, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mtihani wa Kidato cha Sita hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai. KCSE humalizika Novemba na matokeo huja Januari. Programu nyingi za honazi hutaka maombi Novemba au Desemba, na Maryland huwatazama kwa ajili ya honazi wale walioomba kufikia Novemba 1. Kijana wa Kenya anayeomba akiwa bado Kidato cha Nne hana matokeo ya kitaifa ya kuonyesha. Mtanzania aliye Kidato cha Sita ana matokeo ya Kidato cha Nne, ya miaka miwili nyuma, pamoja na makadirio ya walimu wake. Ndani ya faili lenye mapengo kama hayo, SAT ya 1380 ndiyo namba pekee mpya ambayo msomaji anaielewa bila kuuliza mtu. Wanaoendesha miradi ya kuwapeleka vijana wetu kule wanalijua hili. KenSAP, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2004 na mwandishi John Manners pamoja na mwanariadha wa zamani Mike Boit, imekuwa ikiwaandaa vijana wake kwa SAT kama sehemu ya msingi ya kazi yake.

Gharama nazo si za kupuuza. Msimu wa 2024–25 ada ya SAT ilikuwa dola 68, na anayefanyia nje ya Marekani aliongezewa dola 43, jumla dola 111. Msamaha wa ada upo kwa walioko Marekani na kwa raia wa Marekani walioko nje, kwa hiyo kijana wa Songea au Kitale analipa zaidi ya mtoto wa Boston halafu hana pa kuomba nafuu. Vituo ni vichache, vingi vikiwa kwenye shule za kimataifa za miji mikubwa, na tangu Machi 2023 mtihani kwa huku kwetu umekuwa wa kompyuta, wa programu iitwayo Bluebook, ambamo nusu ya pili ya kila somo hubadilika ugumu kulingana na ulivyofanya nusu ya kwanza. Ndiyo maana siwezi kumwambia kila mtoto afanye. Naweza kusema kwamba akiwa na dola 111 na nauli ya basi ya kufika kituoni, na akawa tayari amefanya majaribio ya bure akafikisha 1300, basi hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko kuomba vyuo viwili zaidi ambavyo havimjui.

Kosa jingine linalofanywa na wazazi walio Marekani ni la fedha. Wanashughulika na hiari ya udahili na kusahau kwamba ufadhili una masharti yake. Chuo Kikuu cha Alabama kwa mfano kimejulikana kwa miaka mingi kwa jedwali lake linalooanisha GPA na alama za mtihani, na humo pointi chache za ACT ziliweza kubadilisha ada ya miaka 4. Halafu upo mtihani wa PSAT, ule wa kujipima kabla ya SAT, wa mwezi Oktoba, darasa la 11. Watoto wengi wa wahamiaji huufanya kwa kuwa shule imeupanga, bila mtu kuwaambia kwamba ndio mlango wa shindano la ufadhili la National Merit, ambalo kila mwaka huteua takriban wanafunzi 16,000 kama washindani wa nusu fainali, na kwamba baadhi ya vyuo vya majimbo huwapa wanaofika fainali ada, bweni na kiti cha honazi kwa pamoja. Mtoto anayesoma sekondari Marekani anastahili kushindana. Kuambiwa haya darasa la 12 ni sawa na kutoambiwa.

Sasa ile 1310 tuliyoanza nayo. Kuna ripoti ambayo vyuo vingi huichapisha kila mwaka, inaitwa Common Data Set, na kifungu chake C9 kinaonyesha robo ya chini na robo ya juu ya alama za walioingia, yaani alama ambayo robo yao wako chini yake na ile ambayo robo yao wako juu yake. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kutuma ukiwa katikati au juu na kuficha ukiwa chini. Ni ushauri wa haraka mno. Tangu mwaka 2020 namba hizo ni za waliotuma tu, na waliotuma ni wale wenye alama za juu. Robo ya chini ya leo kwenye chuo cha hiari si robo ya chini ya wanafunzi wake halisi. Ukitaka picha ya kweli, tafuta ripoti ya mwaka 2019 ya chuo hicho hicho, uzilinganishe. Vijana wanaojikunyata na 1350 kwa kuona robo ya chini ni 1370 wangeshangaa kuona wenzao wa 2019 waliingia na 1240.

Kisha tazama ulikotoka. Kama katika shule yako 1310 haijawahi kupatikana, itume, na mwombe mwalimu anayekuandikia barua aseme hivyo. Tazama pia mgawanyo wake: 760 ya hisabati na 550 ya kusoma, kwa anayeomba honazi ya uhandisi, ni habari njema kuliko 655 kwa 655. Angalia na namna programu inavyochagua. Inayoita watu yenyewe kutokana na faili la kawaida, bila fomu ya pili, ina vitu vichache vya kutazama, na namba inasikika zaidi. Inayodai insha 3 na mahojiano itakusikiliza wewe mwenyewe. Wa kuficha ni yule ambaye alama yake inapingana na cheti chake. GPA ya 4.0 na SAT ya 1020 zikikaa ukurasa mmoja zinazaa swali, na hutakuwapo chumbani kulijibu.

Insha ninaisema kwa ufupi kwa kuwa iko wazi, ingawa ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Nimeona vijana wakienda tuisheni ya SAT miezi 6 na kuandika insha ya honazi siku mbili kabla ya mwisho, wakirudia ile ile waliyoombea chuo, jina la programu likiwa limekosewa. Walimu wanaosoma wanatafuta mtu watakayekaa naye kwenye semina ya watu 15. Hawahitaji shujaa wala simulizi ya umaskini. Wanahitaji mtu mwenye swali analolifikiria.

Lawama yangu kubwa haiwaendei vijana wala wazazi. Chuo kinachoandika "hiari" kinazo takwimu za waliotuma na wasiotuma, nani aliitwa honazi na nani hakuitwa, na baada ya miaka 4 nani alimaliza tasnifu. C9 inatupa walioingia chuoni kwa jumla. Kwa honazi aghalabu hatupewi chochote, au tunapewa wastani wa alama unaong'aa kwenye kijitabu bila kuelezwa ni asilimia ngapi ya wanafunzi waliotuma alama hizo. Kama kati ya walioitwa 8 kwa 10 walituma, mwombaji ana haki ya kujua kabla hajaamua. Kama ni 3 kwa 10, pia ana haki hiyo, na mzazi wa Songea angebaki na dola zake 111.

Na kwa atakayekosa, programu nyingi hizi, Barrett na Schreyer zikiwamo, zina njia ya kuwapokea wanafunzi waliokwisha kuanza chuo. Hapo wanataka GPA ya chuo chenyewe, barua ya profesa aliyekufundisha na maelezo ya unachotaka kutafiti. Alama ya SAT, iliyokosesha watu usingizi kuanzia Agosti hadi Aprili, haina tena nafasi kubwa katika uamuzi huo.